Juu ya Wimbo Tunaoupenda Kuliko Nyingine

Yako maswali ambayo huonekana mepesi yanapotoka kinywani mwa muulizaji, lakini yakifika moyoni mwa muulizwaji huwa mazito kama jiwe la kusagia. Swali la namna hiyo niliulizwa katika shule moja ya sekondari hapa Mpanda, nilikoalikwa kuzungumza na wanafunzi juu ya ushairi. Nilikuwa nimekwisha kusema mengi kuhusu vina na mizani, na mwalimu alikuwa anakaribia kunishukuru, ndipo kijana mmoja akasimama na kuniuliza: "Mzee, katika nyimbo zote za Remmy Ongala, kama ungeachiwa mmoja tu, ungechagua upi?"

Nilijibu bila kusita: "Kifo." Wanafunzi wakatikisa vichwa kwa heshima, nami nikaona nimejibu kama inavyompasa mtu mzima. Hapo msichana aliyeketi nyuma akauliza kwa adabu: "Shikamoo, Mzee. Je, huo ndio wimbo unaousikiliza nyumbani?" Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba nyumbani siusikilizi. Kwa miaka mingi, kila uliposikika redioni, nilitafuta sababu ya kutoka nje. Nilikuwa nimetaja wimbo ulioelekea kunipa sifa ya hekima, si wimbo niliokuwa nimeuchagua.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: kuna maana gani kusema kwamba wimbo huu naupenda kuliko nyingine? Je, ni jambo la ladha tu, kama chumvi katika mchuzi, au mna ndani yake wajibu fulani wa ukweli na wa utu? Nayaweka mawazo yangu mbele ya walimu na wanafunzi, si kwa kuwa nimefika mwisho wa safari, bali kwa kuwa mtu akiulizwa swali la haki hana budi kulitafutia jibu la haki.

Kwanza yafaa tumkumbuke mtunzi mwenyewe, maana wako vijana wanaolijua jina lake kwa sababu ya kituo cha basi cha Sinza, jijini Dar es Salaam, ambacho hadi leo huitwa "Kwa Remmy". Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana kwa jina la Remmy, alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki ya Kongo, katika nchi ambayo Kiswahili kilifika zamani pamoja na misafara. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Matimila, iliyokuja kuitwa Super Matimila. Mnamo mwaka 1988 alianza kupelekwa Ulaya katika maonyesho ya muziki wa dunia, na mwaka 1989 sahani yake iliyotolewa Uingereza ilibeba kwa Kiingereza jina lenye maana ya nyimbo za maskini. Alifariki dunia tarehe 13 Desemba 2010, baada ya miaka ya mwisho ambayo aliitumia kumwimbia Mungu. Watu walimwita Dokta, naye kwa mzaha alijiita mwenye sura mbaya. Muziki wake aliuita muziki wa ubongo. Jina hilo halikuwa majivuno: alitaka mtu acheze na huku anafikiri, na katika nyimbo zake nyingi mwimbaji huonekana anazungumza na nafsi yake kabla ya kuzungumza nasi.

Nakiri kwamba ujanani mwangu sikumpa heshima hiyo. Nililelewa katika ushairi wa kale. Kitabu cha Kaluta Amri Abedi wa Ujiji, *Sheria za Kutunga Mashairi*, kilichotoka mwaka 1954, kilikuwa kwangu kama mizani ya dukani: kila kitu hupimwa hapo, na kilichopungua hurudishwa. Nilipokisoma *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974, niliona nyumba isiyo na nguzo. Basi nyimbo za Remmy, ambazo maneno yake hurefuka na kufupika kama mazungumzo ya kijiweni, niliziweka nje kabisa ya uwanja. Nilisema hizo ni dansi, si utungo. Nataja kosa hili kwa sababu linahusu hoja yetu: mtu anaweza kuukataa wimbo kwa sheria ilhali mguu wake unautii chini ya meza. Mguu wangu uliutii *Kipenda Roho*. Niliupiga mluzi juu ya baiskeli kutoka Makanyagio kwenda kazini, kisha ofisini nikaukana.

Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza la swali letu, ambalo watu wengi huridhika nalo. Wimbo huo umepewa jina kutokana na methali tunayoijua sote, kwamba kipenda roho hula nyama mbichi. Maana yake ni kwamba upendo haulazimiki kutoa hesabu. Ukiniuliza kwa nini naupenda wimbo huu, nami nikakujibu kwamba roho imeupenda, mazungumzo yamekwisha. Huna hoja ya kunishinda nayo wala mimi sina ya kukushawishi.

Jibu hili lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1790, alitenganisha mambo mawili. Mtu akisema kinywaji fulani kinampendeza, hasemi zaidi ya hapo. Lakini akisema kitu ni kizuri, anakuwa kama anayewadai wengine wote wakiri naye, hata kama anajua kwamba hawatakiri. Angalieni jinsi vijana wanavyobishana juu ya nyimbo. Kama ingekuwa ladha tupu wasingebishana, kama vile hakuna anayegombana na jirani yake kwa kupenda mihogo kuliko viazi. Wanabishana kwa sababu kila mmoja anaamini kwamba ameona jambo ambalo mwenzake angeweza kuliona pia kama angesikiliza vema.

Tena, katika nchi yetu hii ya misitu ya miombo, warina asali wametufundisha jambo ambalo Kant hakulisema. Mtu akienda kwa mrina asali wa Inyonga na kumwuliza ni asali ipi iliyo bora, ya nyuki wakubwa wa mizinga ya magogo au ya nyuki wadogo wasiouma, mzee huyo hatamjibu mara moja. Atamwuliza kwanza: bora kwa kazi gani? Ya kwanza hujaza debe, hutiwa katika pombe na kuuzwa sokoni. Ya pili ni kidogo, ina ukali fulani, na wengi huitunza nyumbani kwa ajili ya kifua na vidonda. Asiyejua haja yake hajui asali anayoitaka. Na wimbo ni vivyo hivyo. Kabla ya kuuliza upi ni bora, yapasa tuulize: kwa haja gani, na kwa nani?

Jibu la pili husimama upande wa haja ya taifa. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni, na akasikitika kwamba wengi wetu tulikuwa tumejifunza dansi za kigeni kabla ya kuzijua ngoma za wazee wetu. Tangu hapo nyimbo zilipimwa kwa faida yake: je, unafundisha, unajenga, unaonya? Kwa kipimo hicho Remmy hapungukiwi. Katika *Mnyonge Hana Haki* aliwasemea wasio na msemaji. Katika *Mambo kwa Soksi* alihimiza kinga dhidi ya UKIMWI wakati ambapo watu waliona haya kulitaja jambo lenyewe, na Redio Tanzania haikuukubali wimbo huo hewani. Hapana shaka kwamba ulikuwa na manufaa kuliko nyimbo nyingi zilizokubaliwa.

Lakini kipimo cha manufaa kina mtego wake, nami nilinaswa nao mbele ya wanafunzi. Mtu akizoea kuuliza wimbo gani unafaa, mwishowe hujiuliza wimbo gani unamfaa yeye kuonekana anaupenda. Ndipo penzi linapogeuka kuwa vazi la sherehe. Leo Tolstoy wa Urusi, katika kitabu chake juu ya maana ya sanaa, cha mwaka 1898, anasimulia jinsi alivyorudi nyumbani siku moja akiwa na moyo mzito, akakuta wanawake wa shamba wanaimba na kugonga vyuma kwa furaha ya binti yake aliyekuwa ameolewa. Moyo wake ukachangamka bila yeye kukusudia. Jioni ile ile mgeni mmoja hodari akapiga kinanda, utungo wa Beethoven, na wasikilizaji wakausifu kwa kuwa ndivyo ilivyopasa. Tolstoy akahukumu kwamba wimbo wa wale wanawake ulikuwa sanaa ya kweli kwa sababu uliambukiza hisi, na ule mwingine haukuambukiza. Sidai kwamba Tolstoy alimtendea Beethoven haki. Lakini alitoboa jipu: sifa inayotolewa kwa kuwa inapasa ni uongo mdogo, na uongo mdogo ukirudiwa humwondolea mtu uwezo wa kujua anachokipenda.

Je, basi turudi kwenye jibu la kwanza, kila mtu na roho yake? Ningependa kusema ndiyo, kama lisingekuwapo jambo lililonitokea mwaka 1994, ambalo ndilo sababu ya mimi kuukimbia wimbo wa *Kifo*.

Mwaka huo nilikuwa karani kijana hapa Mpanda, wakati ambapo wilaya hii ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi haukuundwa mpaka mwaka 2012. Mama yangu aliugua mbali na hapa, akafariki. Habari ilinifikia ikiwa imechelewa, nami nikapanda treni ya kwenda Kaliua, katika ile njia ya reli iliyojengwa zamani za Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Nilifika nyumbani nikakuta udongo wa kaburi umekwisha kukauka. Sikumzika mama yangu. Niliporudi Mpanda nilishuka stesheni asubuhi, nikaingia katika kibanda cha chai kilichokuwa karibu. Mwenye kibanda alikuwa mzee aliyetoka makazi ya Katumba, yale yaliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Redio yake ya betri ilikuwa juu ya sanduku la mikate, na wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa *Kifo*.

Katika wimbo huo mtunzi hasimulii habari za kifo. Anazungumza nacho uso kwa uso, kama mtu anayemlalamikia jirani asiye na huruma. Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Mzee, tafadhali zima redio. Nimetoka msibani." Nilidhani nimesema neno lisilo na majibu. Mfiwa ni mfalme kwa siku zake chache, nani angemnyima?

Mzee yule akanyosha mkono kuelekea redio, akapunguza sauti, lakini hakuzima. Akasema: "Pole sana, mwanangu. Nakupunguzia. Lakini usiniambie niuzime. Ndugu zangu watatu sikuwazika, wala sijui walipolala. Wimbo huu ukipigwa, mimi hukaa nikahesabu ndiyo matanga yao."

Nilikaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Sikuupenda siku ile. Niliuvumilia, na chai ikapoa mbele yangu. Lakini tangu hapo sikuweza kusema tena kwamba wimbo ni jambo la roho yangu na mimi tu. Wimbo ule ule, katika chumba kile kile, ulikuwa kidonda kwa mmoja na matanga kwa mwingine. Na sote wawili tulikuwa na deni la namna moja, la kutowazika watu wetu. Nilikuwa nimedai kunyamazisha wimbo kwa haki ya huzuni yangu, nikasahau kwamba huzuni si shamba la mtu mmoja.

Wazee wa nchi hii husimulia habari za Katabi, ambaye roho yake wanasema hukaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa lenye jina lake, ndani ya hifadhi ya Katavi. Watu hufika hapo na kuacha sadaka ndogo, kila mmoja na haja yake: huyu anaomba mvua, huyu mtoto, huyu heri ya mawindo. Sizungumzi hapa juu ya imani. Nataka tuangalie jinsi walivyo na adabu. Anayefika na haja ya mvua haiondoi sadaka ya aliyefika na haja ya mtoto. Mti ni mmoja, haja ni nyingi, na kila mwenye haja anajua kwamba wenzake wamepita hapo kabla yake. Wimbo unaopendwa na watu wengi ni mti wa namna hiyo.

Najua kwamba msomaji kijana anaweza kunipinga. Anaweza kusema: "Mzee, hayo yalikuwa ya redio moja kwa kibanda kizima. Siku hizi kila mtu ana simu yake na vidude vya kutia masikioni. Mimi nasikiliza wangu, wewe wako, hakuna anayemuumiza mwenzake." Hoja hii ni ya haki, na sitaki kuibeza. Kama ingekuwa hivyo mwaka 1994, ningekunywa chai yangu kwa amani. Lakini pia nisingalijua kwamba mzee yule alikuwa na ndugu watatu. Tumepata nafuu ya kutoumizwa na nyimbo za wengine, na kwa nafuu hiyo tumelipa kitu: tumepoteza nafasi ya kuambiwa kwa nini mwenzetu hawezi kuuzima wimbo wake. Ndiyo maana nawasihi walimu: msiwaulize wanafunzi tu ni wimbo gani wanaupenda. Waulizeni pia ni nani mwingine wanayemjua anayeupenda, na kwa sababu gani. Swali hilo la pili litawalazimisha kuondoka katika nafsi zao na kwenda kubisha hodi kwa jirani.

Na hapa naweza kumrudia yule msichana aliyeketi nyuma, ambaye bado namdai kumpa jibu. Binti yangu, wimbo ninaousikiliza nyumbani ni *Kipenda Roho*. Ndio ninaoupiga mluzi, ndio ulionishinda nilipokuwa bado nimejifungia katika vina na mizani, na sioni haya tena kuusema. Huo ndio wimbo wa mguu wangu na wa ujana wangu. Ukiniuliza upi unanipendeza, nakujibu huo, wala usitafute hekima ndani ya jibu langu.

Lakini mwenzako hakuuliza upi unanipendeza. Aliuliza: ungeachiwa mmoja tu, ungechagua upi? Nimelitazama neno hilo, kuachiwa, kwa muda mrefu. Kama nyimbo zote zingepotea na ukabaki mmoja, ungebakia kwa sisi sote, si kwa mimi peke yangu. Na ninayepewa kuchagua ningekuwa nachagua kwa niaba ya wengi. *Kipenda Roho* naweza kuuhifadhi mdomoni mwangu mwenyewe hata bila redio, maana furaha hupata mluzi popote. Asiyewazika ndugu zake hana mluzi wa kuhifadhi matanga. Kwa hiyo ningeomba ubakishwe *Kifo*, wimbo ambao mpaka leo unaniumiza, kwa ajili ya yule mzee wa kibanda cha chai na kwa ajili ya wote walio kama yeye, ambao hawakosi katika mji wowote.

Jibu langu la mwisho, basi, ni lile lile nililolitoa siku ya kwanza. Lakini siku ile sikuwa na haki nalo, kwa kuwa nilikuwa nimeliokota njiani kama mtu anayeokota kofia ya mwingine na kuivaa. Sasa nimelitolea jasho. Naamini hili ndilo fundisho la jambo zima: katika mambo ya moyo, watu wawili wanaweza kusema neno moja, mmoja akawa mkweli na mwingine mwongo, na mtu yule yule anaweza kulisema mara mbili, mara ya kwanza akiwa mwongo na mara ya pili akiwa mkweli. Utamaduni wa taifa haujengwi na orodha ya nyimbo zilizokubaliwa. Hujengwa na watu wanaosema kwa unyofu wanachokipenda, kisha wakawa na subira ya kukaa kimya mpaka wimbo wa mwenzao uishe.

Nafunga kwa ubeti mmoja, maana mshairi hata akitubu haachi mizani yake:

Nimeulizwa chaguo, na jibu sikulijua,
Moyo ndio ufunguo, ndio wa kulifungua,
Msiba ndio kituo, hapo wimbo ulitua,
Kwa mwenzangu kuugua, ndipo nami nikajua.